Masanduku matatu ya madaftari ya ndege

Kundi letu la kutazama ndege lina masanduku matatu ya bati yaliyojaa madaftari. Lile kongwe lina jalada la kijani lililoliwa na mende pembeni, na ukurasa wake wa kwanza umeandikwa 1983. Utaratibu haujabadilika tangu hapo. Anayerudi kutoka matembezini anaandika alichoona, saa, mahali na hali ya hewa. Anayefuata, akiwa na la kusema, anaandika chini yake. Kwa hiyo ukiyafungua hukuti orodha ya ndege tu, unakuta maongezi ya miaka arobaini. Watu wanaulizana, wanakosoana, wanapeana hongera, na mara mojamoja wanagombana kwa kalamu.

Mwaka jana mwenye nyumba anayetuhifadhia masanduku hayo aliomba arudishiwe chumba chake. Kikaoni, katibu wetu mpya, kijana hodari wa kompyuta, akatoa wazo. Tuchape kila kitu kwenye jedwali moja: ndege, tarehe, mahali, idadi. Yaliyothibitika kuwa makosa tuyaondoe, maneno ya mabishano tuyaondoe, majina ya zamani ya ndege tuyageuze yawe ya sasa. Kisha madaftari yachomwe, maana mchwa wameshaanza kazi. Wengi tuliitikia. Mzee mmoja, ambaye mwandiko wake umo tangu daftari la kwanza, hakuitikia. Alimwuliza: "Mwanangu, ukishasafisha, mimi nitajuaje ulichosafisha?"

Hakuna aliyekuwa na jibu siku ile. Tukaahirisha, na mimi nikaanza kutafuta waliokwisha kupita njia hii, maana watu wanaotazama ndege kwa mapenzi tu wamekuwa wakiweka kumbukumbu kwa zaidi ya karne moja, na wameshakutana na kila shimo ambalo sisi tulikuwa karibu kulitumbukia.

Neno moja, kazi nne

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Katibu aliposema kusafisha, alikuwa amefunga kazi nne katika furushi moja. Kufuta ni kuondoa kitu kisionekane tena popote. Kusahihisha ni kuliondoa kosa na kuliweka la kweli mahali pake. Kupanga ni kukifanya kitu kipatikane kwa urahisi bila kukigusa. Kufunga ni kukiacha kilipo, ufunguo ukabaki kwa wachache. Mtu anaweza kukubali kupanga kwa moyo wote na kukataa kufuta kwa moyo huohuo. Kikao chetu kilikwenda saa mbili nzima, na sasa naona kwamba nusu ya waliokuwa wakibishana walikuwa wanakubaliana. Kila mmoja alikuwa ameshika kazi tofauti mkononi akidhani ndiyo ya mwenzake.

Nitaanza na kufuta, kwa sababu huko ukienda hurudi.

Hastings ni mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Kati ya 1892 na 1930, eneo lile pamoja na mji jirani wa St Leonards-on-Sea lilitoa taarifa za ndege adimu kwa wingi wa kushangaza. Ndege ambao Waingereza hawakuwahi kuwaona nchini mwao walikuwa wakipigwa risasi pale, mmoja baada ya mwingine, na wengi wao walipitia mikononi mwa mkaushaji ndege mmoja, George Bristow. Minong'ono ilikuwepo tangu zamani. Hata hivyo ilikuwa Agosti 1962 ndipo jarida la British Birds lilipochapisha uchunguzi wa Max Nicholson na James Ferguson-Lees, pamoja na hesabu za mtakwimu John Nelder. Nelder alichukua taarifa za eneo lile akazipima na za maeneo jirani ya Sussex na Kent katika miaka ileile, kisha na za eneo lilelile katika miaka iliyofuata. Tofauti ilikuwa kubwa mno, bahati haikuweza kuieleza. Inaaminika kwamba ndege wengi waliletwa kutoka nchi za nje wakiwa wameshakufa, wakauzwa kwa bei kubwa kama ndege waliopatikana Uingereza.

Taarifa karibu 600 zilikataliwa. Aina na vijiaina 29 vya ndege vikatoka kwenye orodha ya ndege wa nchi ile.

Ufutaji mkubwa kuliko huo katika mambo ya ndege siujui, na naamini ulikuwa wa haki. Lakini tazama ulivyowezekana. Udanganyifu ulifichuka kwa sababu hakuna aliyeusafisha mapema. Tuseme mhariri mwangalifu wa mwaka 1925 angekuwa akiondoa kimyakimya kila taarifa iliyomtia shaka, akiacha zile tu zilizomridhisha. Nelder angekuta orodha iliyopunguzwa hapa na pale, yenye sura ya kawaida. Wingi ule wa ajabu ndio uliokuwa ushahidi, na wingi ungekuwa umekwisha kufagiliwa na mtu mwenye nia njema kabisa.

Jambo la pili: waliozikataa taarifa zile hawakuzichana. Walieleza hadharani, jaridani, wanakataa nini na kwa nini. Hilo lilikuja kuwa na maana, kwa sababu aina nyingi kati ya zile 29 zilirudi baadaye kwenye orodha, ndege wenyewe walipoonekana kwingineko nchini wakiwa hai, mbele ya mashahidi. Na kwa kuwa fagio lilipita juu ya eneo zima, huenda lilizoa pia ndege wa kweli walioonwa na watu waaminifu ambao kosa lao lilikuwa kuishi karibu na Hastings. Mtu wa namna hiyo bado anaweza kurudishiwa haki yake siku moja, maana maandishi yapo.

Uongo ulioshonwa ndani ya ndege

Wasomaji wa Kenya, hasa Wanandi, wanamjua Richard Meinertzhagen kwa jambo zito kuliko ndege. Ndiye afisa Mwingereza aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa kuwa wa mapatano. Katika dunia ya ndege aliheshimiwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mkusanyo wake wa ndege waliokaushwa, wapatao 20,000, alioukabidhi kwa makumbusho ya London mwaka 1954. Baada ya kifo chake mwaka 1967 shaka zilizokuwa zikinong'onwa zilianza kuchunguzwa, na ikadhihirika kwamba ndege wengi walikuwa wameibwa katika mikusanyo ya watu wengine na kuandikiwa lebo mpya zenye mahali na tarehe za uongo.

Mmoja wao ni bundi mdogo wa misitu ya India ya kati, ambaye hakuna aliyekuwa amemkusanya tangu 1884. Lebo ya Meinertzhagen ilisema yeye alimpata mwaka 1914 huko Gujarat. Ikawa anayemtafuta bundi yule ana sababu ya kwenda Gujarat, na sababu yenyewe ni ya uongo. Miaka ya 1990 Pamela Rasmussen, mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, pamoja na Robert Prys-Jones wa makumbusho yale, walimchunguza ndege huyo upya, mpaka kumpiga eksirei. Chini ya marekebisho ya baadaye walikuta mkono wa mtu mwingine: namna ngozi ilivyotayarishwa ilikuwa ni ya James Davidson, aliyekusanya ndege jimbo la Khandesh miaka ya 1880. Meinertzhagen alikuwa amemchukua ndege wa Davidson, akamtengeneza tena, akamwandikia maisha mapya.

Rasmussen akaiondoa Gujarat katika hesabu yake na kufuata taarifa za zamani zaidi. Novemba 1997 yeye na wenzake wawili walimkuta bundi yule karibu na mji wa Shahada, Maharashtra, akiwa juu ya mti mchana kweupe, miaka 113 baada ya taarifa ya mwisho ya kuaminika.

Kisa hiki kimenigusa kuliko vyote nilivyosoma. Lebo ya uongo ilidhuru kwa sababu iliaminiwa. Lakini ndege yule aliponya jambo kwa sababu alibaki. Kama makumbusho yangetupa vitu vya Meinertzhagen siku shaka ilipoanza, ushahidi wa Davidson ungetupwa pamoja navyo, maana ulikuwa umeshonwa ndani ya ndege yuleyule. Uongo na ukweli vilikuwa katika ngozi moja, na hakuna mfagizi ambaye angeweza kuvitenganisha kwa macho tu.

Yanayopotea kwenye jedwali

Nirudi kwenye masanduku yetu. Kuna ukurasa wa Desemba 1996 ambao nimeusoma mara nyingi. Juu kabisa mtu ameandika: "Kozi wapatao 40 juu ya mkonge, saa 11 jioni, mvua inakuja. Kozi wa Amur." Chini yake, mwandiko wa kulalia kushoto: "Siyo. Hawa ni kozi wa Ulaya, mapaja mekundu." Chini tena, yule wa kwanza: "Mapaja mekundu wanayo wote wawili. Madume yalikuwa na makwapa meupe kabisa, miguu rangi ya chungwa." Kisha nafasi tupu, halafu wino wa kijani, tarehe ya miaka miwili baadaye: "Nimewaona tena leo, palepale. Makwapa meupe. Nilikosea mwaka ule." Wino ni wa kijani, lakini mwandiko unalalia kushoto.

Kwenye jedwali la katibu ukurasa huu ungekuwa mstari mmoja: kozi wa Amur, 40, Desemba 1996. Mstari huo ni wa kweli, wala sina la kuupinga. Ila hauna sababu ya kuaminiwa. Atakayeusoma baada ya miaka hamsini hatajua kama aliyeandika alikuwa mzoefu au alikuwa na darubini kwa wiki ya kwanza. Kozi hawa wa Amur huzaliana mashariki ya mbali ya Asia na kupita kwetu wakielekea kusini mwa Afrika, wakitanguliwa na mvua na kumbikumbi. Kinachowatofautisha na wenzao ni huo weupe wa chini ya bawa la dume. Ubishi ndio uliotoa ushahidi. Bila mtu kusema "siyo", yule wa kwanza asingeandika kamwe habari ya makwapa na miguu. Angeacha jina tu, kwa sababu kwake lilikuwa wazi.

Wageni wanapojiunga nasi, huwa nawaonyesha ukurasa huu kabla ya kitabu chochote.

Kuna upande wa pili, nao unatisha zaidi. Bundi mdogo wa Sokoke alipewa jina la kisayansi mwaka 1966, kutokana na ndege wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Kwa robo karne vitabu vilisema haishi mahali pengine duniani. Mwaka 1992 akapatikana chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, upande wetu wa mpaka. Sasa fikiria mtu aliyesikia mlio ule Usambara mwaka 1980 na kuuandika. Mtu mwenye kitabu angemsahihisha papo hapo, na kwa ujuzi wa siku ile usahihishaji ungekuwa wa busara. Ungekuwa pia kosa. Ndiyo maana naogopa usahihishaji unaoandika juu ya maandishi ya mwenzake kuliko ninavyoogopa makosa yenyewe. Kosa lililoachwa wazi linaweza kugeuka kuwa habari. Lililofunikwa haligeuki kuwa kitu.

Hata jambo lisiloeleweka kabisa lina haki ya kubaki. Mwaka 1964 Jali Makawa, Mmalawi aliyekuwa hodari wa ndege kuliko wengi walioajiri watu wa aina yake, alimpata ndege mdogo mwenye kifua cheupe huko Mayau, Zambia. Wakampa jina lake. Hajaonekana mwingine kama yule hadi leo. Wapo waliomwona kuwa aina ya pekee, wapo waliomwona kuwa ndege wa kawaida aliyezaliwa na rangi isiyo ya kawaida. Ngozi ilibaki makumbusho, na mwaka 2018 watafiti walipotangaza matokeo ya vinasaba vyake ikaonekana yuko karibu mno na jamaa zake wa kawaida. Miaka hamsini na kitu alikaa kwenye droo kama swali, na droo haikudhurika.

Kuhusu majina, habari ni fupi. Yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe machoni, anayeishi milimani kwetu, zamani alihesabiwa kuwa aina moja tangu Ethiopia hadi Tanzania. Leo wa Milima ya Taita na Kasigau ni aina yake, wa milima ya Kenya ya kati ni aina nyingine, na kadhalika. Taarifa inayosema "Taita, 1985" inaweza kupewa jina jipya bila shida. Ukigeuza jina na kulifuta la zamani, halafu wataalamu wakabadili mawazo tena, kama wanavyofanya mara kwa mara, umevunja daraja ulilopitia. Jina jipya liandikwe pembeni, kwa penseli, na tarehe. Hilo kikao chetu kilikubali kwa dakika tano.

Vitu visivyo na maana

Katibu wetu alikuwa na hoja moja yenye nguvu, nami sitaki kuipita. Alisema: mengi humo ni porojo. "Leo hakuna kitu, kunguru tu." "Tumbusi wengi machinjioni kama kawaida." Kurasa na kurasa. Nani atazihitaji?

Kunguru wa Zanzibar si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na Mombasa aliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Leo anaharibu viota vya ndege wengine pwani nzima, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Anayetaka kujua alivyosambaa, mji kwa mji, anahitaji watu walioandika "kunguru wawili sokoni" siku ambayo kunguru wawili hawakuwa habari. Watu hao ni wachache, maana kila mtu alikuwa anatafuta ndege adimu.

Ndege wakubwa wala nyama wametufundisha hilo kwa uchungu. Mwaka 2022 Darcy Ogada na wenzake walitoa utafiti uliolinganisha hesabu za ndege hao walioonwa kutoka barabarani nchini Kenya mwaka 1970 hadi 1977, na hesabu za 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 walizozichunguza, 19 zilikuwa zimepungua. Hesabu za miaka ya sabini zilihusu tai, mwewe na tumbusi waliokuwa kila mahali. Mtu aliyeziweka hakujua kwamba anapima kitu kinachoondoka. Zingechujwa kwa kigezo cha "muhimu", zingekuwa za kwanza kutupwa, na leo tusingeweza kusema tumbusi wamepungua, tungesema tunadhani.

Huku nako kuna haki ya watu. Reginald Moreau alifanya kazi Amani, Usambara Mashariki, kati ya 1928 na 1946, na maandishi yake juu ya viota vya ndege wa Afrika Mashariki yanasomwa mpaka leo. Pamoja naye alikuwepo Salimu Asmani. Saa nyingi za kukaa kimya mbele ya kiota, kuhesabu mama amekuja mara ngapi na amebeba nini, zilikaliwa na watu kama Asmani. Kumbukumbu ikishafupishwa, jina linalobaki ni la aliyechapisha. Katika madaftari yetu wapo wavuvi, walinzi wa mashamba, mwanafunzi wa darasa la sita aliyeandika kwa herufi kubwa. Jedwali la ndege, tarehe, mahali na idadi halina safu ya mtu. Nilipomwonyesha katibu hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema hakuwahi kulifikiria, na nilimheshimu kwa kusema hivyo.

Yanayostahili kuondolewa machoni

Sitaki nieleweke kwamba kila kitu kibaki wazi. Ukurasa unaosema kiota cha kozi kiko kwenye jabali gani na njia ya kupanda ni ipi ni hatari kwa kozi, maana wapo wanaowasaka kwa ajili ya soko la wafuga kozi, na bei ya ndege mmoja inaweza kumshawishi mtu mwenye shida. Kasuku wa kijivu wa Kongo na Uganda wamekamatwa kwa wingi mpaka nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikapiga marufuku, mwaka 2016, biashara ya kimataifa ya wale wa porini. Taarifa za namna hii zinafungwa. Mradi wa mtandaoni wa eBird, wenye taarifa za ndege zaidi ya bilioni moja kutoka duniani kote, hufanya hivyo: ndege aliye hatarini anabaki kwenye hazina, lakini mahali pake halisi hapaonyeshwi kwa kila mtu. Na taarifa yenye shaka haifutwi. Inabaki kwenye orodha ya aliyeiandika, ila haiingizwi kwenye ramani mpaka ithibitishwe.

Kuna namba za simu, kuna habari za ugonjwa wa mtu, kuna ukurasa mmoja wa matusi juu ya mke wa mwanachama. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na hata bila sheria, utu unatosha. Mambo hayo hayana ndege ndani yake. Tuliyafunika kwenye nakala, na ule ukurasa wa matusi tukaukata kabisa. Ndio ukurasa pekee tulioukata, na mahali pake tumebandika karatasi inayosema umekatwa, lini, na nani waliokubali. Mwanachama akitaka jina lake liondolewe, linaondolewa, alichokiona kinabaki.

Kilichobaki ni kupanga, na hapa katibu alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Kumbukumbu isiyopatikana haina tofauti kubwa na iliyochomwa. Marekani kulikuwa na mpango wa kuandika tarehe za kuwasili kwa ndege wahamaji, ulioanzishwa na Wells Cooke mwaka 1881 na kuendelea hadi 1970. Ulizaa kadi zipatazo milioni sita, zilizoandikwa kwa mkono na watu wa kawaida vijijini na mijini. Mpango ulipofungwa kadi zilikaa makabatini miaka mingi bila kusomwa, na kama si Chandler Robbins kupigania zisitupwe, huenda zingepotea. Zilipoanza kuskaniwa na kuchapwa na watu wa kujitolea kupitia intaneti, zikawa ghafla dawa ya swali ambalo Cooke hakuwahi kuulizwa: hali ya joto ikibadilika, je, ndege wanafika mapema? Kadi zilikuwa na jibu tangu zamani. Zilikosa mtu wa kuzifikisha kwa muulizaji.

Basi tumefanya hivi. Kila ukurasa wa madaftari 64 unapigwa picha kwa simu, mwandiko, madoa na yote. Tulikadiria picha elfu tano na kidogo, kama gigabaiti 15, zinazoingia kwenye flashi ya bei ndogo. Tunaweka nakala tatu katika nyumba tatu. Juu ya picha hizo katibu anajenga jedwali lake, lakini kila mstari una namba ya daftari na ya ukurasa, na una safu ya mtu. Anayesahihisha anaandika kwenye safu ya pembeni, kwa jina lake na tarehe. Safu ya asili haiguswi na mwenye nywila wala mwenyekiti. Madaftari yenyewe tuliyaanika juani siku mbili, tukayahamishia kwenye rafu ya chuma iliyo mbali na ukuta. Mchwa hawajafika.

Kazi inakwenda polepole kwa sababu katibu ameanza kuyasoma. Juzi alikuwa kwenye daftari la nane, mwaka 1987. Mtu ameandika: "Tumbusi 61 machinjioni, asubuhi." Chini yake mwingine ameuliza: "61 kweli?" Hakuna aliyejibu. Katibu alikaa na ukurasa ule muda mrefu, kisha akafungua safu ya pembeni na kuandika jina lake, tarehe, na maneno haya: "Nimezaliwa jirani na machinjio hayo mwaka 1998. Sijawahi kumwona hata mmoja."